Waya wa kuku umeniokolea minazi yangu ya mapambo

Jamani kama uko Nyali, hapa Mombasa, na tumbili wanakumalizia minazi ya mapambo, huu waya wa kuku chukua. Mi nilinunua mita 10 kwa hadwea moja huku Kongowea, fundi akazungushia kila mche na juu akafunga kabisa kama kofia, maana tumbili hana haja na makuti yaliyokomaa, anataka lile chipukizi la katikati, jeupe, laini, na mnazi wa shina moja ukishang'olewa moyo ndo basi tena umekufa. Mitatu imenifia hivyo, iliniuma kweli. Saa hii kuti jipya limefunguka zima, halina hata alama ya jino! Ila upepo wa bahari ushaanza kuutia kutu, bora ule uliopakwa plastiki.