Unga wa uwele wa pakiti: angalia tarehe ya kusagwa

Unga wa uwele usiokobolewa unauzwa madukani kwa pakiti za kilo 1. Uzuri wake ni kwamba ni laini, na kwa kawaida hauna mchanga. Hilo si jambo dogo, maana uwele ukipurwa chini na usipooshwa hukwaruza meno. Kuupima ni rahisi: koroga kijiko cha unga kwenye glasi ya maji, mwaga taratibu, kisha papasa kilichotuama.

Tatizo ni mafuta. Kiini cha uwele ni kikubwa kwa punje ndogo kama ile, na mafuta yake hukaribia asilimia 5, kupita ngano. Punje nzima hukaa miezi mingi. Ikishasagwa, vimeng'enya (vichocheo vya asili vilivyomo kwenye punje) hukutana na mafuta hayo na unga huanza kuchacha. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa haichukui muda. Utaujua kwa harufu ya stoo iliyofungwa na uchungu unaong'ang'ania ulimini, ambao hata sukari haiufichi. Kwa hiyo pakiti yenye tarehe ya mwisho wa matumizi tu, bila ya kusagwa, iache hapohapo rafuni, labda kama imeandikwa kwamba punje zilipitishwa kwenye moto au maji yanayochemka kabla ya kusagwa.

Ukiwa mpya, uji wake ni mtamu sana: gramu 100 kwa lita 1 ya maji, uukoroge kwanza kwa maji baridi, kisha uchemke dakika 15.

Chapati ndizo huwashinda wengi. Uwele hauna gluteni, protini ya ngano inayoshikanisha donge, kwa hiyo donge la maji baridi hupasuka. Tumia gramu 200 za unga na mililita 160 hivi za maji yanayochemka, pamoja na chumvi. Funika dakika 5, kanda kwa kiganja hadi lilainike, kisha tandaza kwa mkono na uchome papo hapo. Donge likilala hukauka na kupasuka kingo. Wanaotaka kusukuma kwa mpini wachanganye sehemu 1 ya uwele na 2 za ngano.

Kwenye keki, magadi soda huugeuza unga huu rangi ya manjano-kijani. Haujaharibika, maziwa ya mgando au ukwaju huurudisha kwenye weupe.

Kwa matumizi ya kila siku, pakiti haifui dafu mbele ya punje zilizosagwa mashineni. Zipepete, zioshe mpaka maji yatoke safi, zianike zikauke kabisa (punje mbichi huziba chekeche la mashine), usage za wiki moja tu. Zinazobaki zisage baadaye, au weka unga kwenye friza ndani ya chombo kisichopitisha hewa.