Uzoefu wangu wa kulala New Dodoma Hotel, hoteli ya zamani ya reli

Mgeni akiulizia hoteli ya kukumbukwa hapa Dodoma, mara nyingi huelekezwa kwenye maghorofa mapya, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana kutoka mbali. Mimi nimelala katika hoteli za aina zote mbili, na ushauri wangu ni kwamba ateremke kwanza hadi mkabala na stesheni ya zamani, ilipo New Dodoma Hotel, ambayo hapo awali ilijulikana kama Railway Hotel.

Hoteli hii haieleweki bila reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, wakapita Dodoma na kuingia Tabora mwaka 1912, hadi wakamalizia Kigoma mwaka 1914. Abiria aliyeshuka katikati ya nchi kame ya Wagogo alihitaji mahali pa kuoga vumbi, kula na kulala, na mpangilio huo unaonekana hadi leo: unatoka stesheni, unavuka barabara, umefika. Anayekuja kwa treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, hana bahati hiyo, kwa sababu stesheni yake iko kwingine na itamlazimu kuchukua bajaji au teksi.

Kilichonivutia zaidi ni ua wa ndani. Jengo halishindani na anga. Limetandaza mabawa yake kuzunguka bustani, hivyo upepo mkavu wa Dodoma huishia nje na wewe unakaa kivulini ukinywa chai bila kula mchanga. Wagogo walilijua jambo hili zamani, kwani tembe zao za paa bapa la udongo zilizunguka ua ambamo mifugo ililala salama. Sidai kwamba mjenzi wa hoteli aliiga tembe, ila hali ya hewa ileile huzaa majibu yanayofanana.

Kwa muda mrefu mji mzima ulikusudiwa kuwa wa namna hiyo. TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, kazi ya kuujenga mji ilikabidhiwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na mpango mkuu wa mwaka 1976, ulioandaliwa na kampuni ya washauri kutoka Kanada, ulichora mji wa majengo mafupi, wenye vitongoji vinavyofuata miinuko ya ardhi na njia za waenda kwa miguu, kulingana na fikra za Ujamaa ambazo hazikutaka mji mkuu wa kujitukuza. Fedha zilikuwa chache na ujenzi ukasuasua. Hali ilibadilika mwaka 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma. Mwaka uliofuata CDA ikavunjwa, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Maghorofa ya hoteli unayoyaona leo kwa sehemu kubwa ni matunda ya miaka hiyo.

Nililala katika mojawapo, ambalo sitalitaja jina, nikapewa chumba cha juu chenye ukuta mzima wa kioo unaotazama magharibi. Mandhari ya vilima yalikuwa mazuri mno, lakini kuanzia alasiri kiyoyozi kilinguruma bila kushinda joto, na lifti moja iliyokuwa ikifanya kazi ilitusubirisha wageni kwa foleni. Nadhani tatizo si urefu wa jengo. Anayejenga ghorofa Dodoma akiwa na ramani iliyofaa mji mwingine, bila vizuia jua wala baraza, huwaachia wageni wake na Tanesco kazi ya kurekebisha.

Kwa anayetaka kulala hoteli ya reli, aombe chumba kinachotazama uani badala ya barabarani, na abebe sweta ikiwa safari yake ni ya Juni au Julai, maana usiku wa Dodoma huwa na baridi ambayo watu wa pwani hawaitarajii. Aweke nafasi mapema sana kama anakuja kati ya Aprili na Juni, kwa sababu huo ni msimu wa Bunge la Bajeti, na vyumba vya katikati ya jiji hugombewa.