Skripti iliniambia "hakuna", kumbe jina lipo

Jamani bado nina hasira. Mimi ndo natunza mihtasari ya vikao vya saccos yetu, mafaili ya txt, folda ndani ya folda, mwaka, ndani yake mwezi, ndani yake kikao. Nikamlipa kijana mmoja programa aniandikie skripti ya Python, yaani kiprogramu kidogo, nikiandika jina iniletee kila faili lenye hilo jina. Siku za mwanzo nilimsifia kila mahali maana os.walk, ile amri ya Python ya kupita folda zote, inashuka mpaka folda ya chini kabisa, sekunde chache tu majibu haya hapa.

Sasa akaja mama mmoja anasema kikao kilishampunguzia riba ya mkopo wake. Naandika jina lake, hakuna. La baba yake, hakuna. Nikamwambia mama, haupo kwenye kumbukumbu. Akachukua mkoba wake akaondoka kimya. Nampigia kijana ananijibu "dada, kompyuta haidanganyi, labda huyo mama ndo muongo", akakata simu!

Roho ikagoma. Nikaanza kufungua faili moja moja kwa mkono, la tatu tu, jina hilo hapo. Nikafungua na skripti yenyewe niisome, nakuta except: pass. Yaani faili likigoma kusomeka skripti inaliruka na kunyamaza, halafu mwisho inakuandikia hakuna. Nikatoa pass nikaweka iprinti jina la faili na kosa lake, yakamwagika mafaili kibao, yote kosa la charmap, yaani Python imeshindwa kugeuza baiti fulani, 0x9d, kuwa herufi. Kumbe ni ile alama ya kufunga nukuu, iliyopinda, nakopi kutoka Word. Mafaili nimesevu kwa UTF-8, mfumo mmoja wa kuhifadhi herufi kama baiti, na Python kwenye Windows yangu usipoiambia inasoma kwa mfumo mwingine, cp1252, ambao hiyo baiti hauna herufi yake. Dawa ni kuandika encoding="utf-8" ndani ya open(), ile amri ya kufungua faili, basi!

Na siwezi kukataa, baada ya hapo inafanya kazi vizuri sana, naitumia kila siku, nilishataka kumpa nyota tatu. Ila hapana. Moja. Kusahau encoding nasamehe, yeyote anasahau, lakini kuficha kosa kwa pass halafu unamuita mama wa watu muongo? Mama nilimfuata mpaka gengeni kwake na muhtasari mkononi nikamuomba radhi. Kijana mpaka leo hapokei simu.