Uzoefu wangu na cheti cha TOGAF: usiishie sehemu ya kwanza

Kwa anayesimamia mifumo ya taasisi yenye idara nyingi, cheti cha TOGAF, mwongozo wa kupanga usanifu wa mifumo ya taasisi, kinastahili ada yake kwa sharti moja: ufanye sehemu zote mbili za mtihani. Ya kwanza inakupa msamiati. Ya pili inakulazimisha kuamua, na kazi ya msanifu wa mifumo ni kuamua.

TOGAF inatolewa na The Open Group, shirika la viwango vya teknolojia. Toleo la kwanza lilitoka 1995, likiwa limejengwa juu ya kazi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mitihani ya sasa inafuata toleo la 10, la 2022. Kozi si lazima, kujisomea kunaruhusiwa. Kama umeshawahi kuandika hati ya mahitaji au kusimamia zabuni ya mfumo, naona ujisomee na pesa ya kozi uitumie kwenye ada ya mtihani. Anayeanza kabisa atafaidika na darasa.

Sehemu ya kwanza ni maswali 40 kwa dakika 60, bila kitabu, na kufaulu ni 24. Watu huangushwa na maneno yanayofanana. Kuna tofali la usanifu, linaloeleza uwezo unaotakiwa bila kutaja bidhaa, na tofali la suluhisho, ambalo ni bidhaa au programu yenyewe. Kuna hati inayoeleza usanifu kwa maelezo, na hati ya mahitaji inayouweka katika vipimo vinavyoweza kukaguliwa. TOGAF inagawa kazi ya usanifu katika awamu zilizopangwa kwa mviringo na kupewa herufi. Jifunze pia kila hati inazaliwa katika awamu gani: makubaliano ya kazi ya usanifu yanasainiwa Awamu A, mikataba ya usanifu inayosimamia utekelezaji inashughulikiwa Awamu G. Ukikariri mviringo wa awamu bila hati zake, alama nyingi zitakupita.

Sehemu ya pili ni maswali 8 tu kwa dakika 90. Kila moja lina kisa kirefu na majibu manne marefu. Jibu bora lina alama 5, linalofuata 3, la tatu 1, la mwisho sifuri. Jumla ni 40, na unatakiwa kupata 24. Piga hesabu: ukichagua jibu la pili kwa ubora katika maswali yote 8, unapata 24 kamili. Kwa hiyo anza kwa kulitafuta lile la sifuri na kulitupa. Mara nyingi ni lile linalokimbilia kununua bidhaa kabla wadau hawajasikilizwa, au linalofanya kazi ya awamu nyingine. Kisa kikiwa Awamu A na jibu linaanza kwa kupanga ratiba ya kuhamia mifumo mipya, hiyo ni kazi ya Awamu F.

Katika sehemu hii ya pili unaruhusiwa kufungua kitabu cha TOGAF, na hapo ndipo muda unapopotea. Kila swali lina dakika 11 hivi. Ukianza kutafuta aya kwa aya utafika swali la sita muda umekwisha. Fungua kitabu kuhakikisha jambo unalojua liko wapi, si kujifunza. Ukifeli, unasubiri mwezi mmoja kabla ya kurudia.

Faida ya kazini naiona zaidi kwenye jedwali ambalo TOGAF inalifundisha, la kulinganisha hali ya sasa na hali inayokusudiwa. Chukua hospitali ambayo mfumo wa famasi na mfumo wa keshia kila mmoja una orodha yake ya wagonjwa. Safu za mlalo zinaandikwa vilivyopo, za wima vitakavyokuwepo, kisha unaongeza safu ya wima ya vinavyoondolewa na ya mlalo ya vinavyoongezwa. Kitu cha sasa kisichoonekana upande wa pili lazima kiwe kimeondolewa kwa makusudi au kimesahaulika. Hapo ndipo inagundulika, kwa mfano, kwamba hakuna aliyepanga taarifa za wagonjwa wa bima zitahamia wapi. Ni bora jedwali ligundue hilo kuliko aligundue mgonjwa aliyesimama dirishani.

Kwa Tanzania cheti kina uzito wa ziada kwa walio katika utumishi wa umma, kwa sababu Mamlaka ya Serikali Mtandao hutoa viwango na miongozo ya usanifu kwa taasisi za umma. Aliyesoma TOGAF anaisoma miongozo hiyo haraka na anaweza kubishana na mzabuni kwa hoja.

Kasoro zipo. Mtihani wote ni wa kuchagua majibu, hakuna anayekagua kama unaweza kuchora usanifu. Kwa hilo utahitaji ArchiMate, lugha ya kuchora usanifu, yenye mtihani wake. Kiingereza cha kitabu ni kizito mno, na kuna kurasa ambazo zingetosha kuwa aya. Na kama taasisi yako haina kikao chenye mamlaka ya kukataa mradi usiofuata usanifu, cheti kitakaa ukutani.

Ukitaka mwajiri alipe, usiende na brosha. Chagua mifumo miwili ya ofisini inayotunza taarifa zilezile, chora jedwali hilo kwenye ukurasa mmoja, weka duara jekundu penye kitu ambacho hakuna anayejua kitahamia wapi, umpe aone.