Tahadhari kwa wenye magari ya turbo: kisanduku cha lonchi kinachouzwa Malindi ni utapeli

Wapenzi wa magari wa Malindi, Watamu na Kilifi, ninawaandikia nikiwa na hasira ambayo haijapoa. Kwa kuwa baadhi yenu mmekwisha kuanza kunicheka, nitaieleza habari hii kama ilivyokuwa, ili anayecheka ajue kwamba yeye naye, angekuwa ameketi kwenye kiti kile, angalitoa pesa. Kuna mtu anazunguka na kisanduku cheusi cha plastiki anachokiita kifaa cha lonchi, yaani cha kuliondoa gari kwa kishindo kutoka kusimama, akidai kwamba kinaijaza turbo (feni inayoisukumia injini hewa) busti, yaani shinikizo la hewa hiyo, gari likiwa bado limesimama. Mimi amenichukulia shilingi 38,000.

Gari langu, Subaru Impreza ya turbo, mnalijua. Mtu huyu aliletwa kwangu na shemeji wa ndugu yetu mmoja wa mtaa wa Barani, kwa hiyo hakuja kama mgeni wa njiani. Alikuja baada ya alasiri, ana adabu, anavua viatu kabla hajaambiwa, ananiita ami, na kompyuta yake ya mkononi akaiweka juu ya boneti ikiwa wazi, imejaa michoro ya rangi. Sasa ninakumbuka kwamba kompyuta ile haikuunganishwa na gari hata kwa uzi mmoja.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba maelezo yake yote yalikuwa ya kweli. Alisema turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na kwamba gari likisimama moshi huo huwa mchache na dhaifu, ndiyo sababu gari huzubaa linapoondoka na nguvu huja baadaye kwa kishindo. Alisema magari ya mashindano huzikata cheche za plagi kwa makusudi wakati dereva amekanyaga klachi na mafuta kwa pamoja, ili mizunguko ya injini ibaki pale inapotakiwa, tuseme 4,000 kwa dakika, na cheche zinazobaki hucheleweshwa ili moto uendelee kuwaka hadi ndani ya ekzosi na kuisukuma turbo kabla matairi hayajasogea. Hayo yote ni sahihi, na fundi yeyote anayejua kazi atawaambia hivyohivyo. Akanikumbusha hata dereva Colin McRae alivyoishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza. Ni nani kati yenu angemdhania vibaya mtu anayezungumza hivyo?

Alifanya kazi yake chini ya dashibodi hadi karibu na magharibi. Akanifungia geji mpya ya busti, akapitisha mpira mwembamba kutoka kwenye manifoldi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, hadi ndani, akabandika kitufe chekundu kando ya usukani. Alipomaliza hakukaa yeye kwenye kiti cha dereva. Aliniambia, “Ami, ingia wewe mwenyewe, usije ukasema nimekufanyia kiini macho.” Nikaingia. Akasema nikanyage klachi, nibonyeze kitufe, kisha nikanyage mafuta mpaka chini. Mshale wa geji ukaondoka upande wa ombwe, ukapita sifuri, ukapita baa 0.3, ukapita 0.6, ukasimama kwenye 0.9 huku gari halijasogea hata shubiri. Ekzosi ikalipuka mfululizo, watoto waliokuwa wakitoka chuoni wakapiga makofi, na bibi wa nyumba ya pili akatoka na upawa mkononi akidhani kuna risasi. Kweli, mshale wa mizunguko ulikuwa ukipanda na kushuka ovyo badala ya kutulia, lakini hakuna mtu atakayeutazama mshale huo ikiwa ule wa busti unampa 0.9 gari likiwa limesimama. Pesa nilizituma hapohapo kwa M-Pesa, nikamtilia na nauli juu yake.

Barabarani sikuona tofauti yoyote, ila milipuko na harufu ya petroli. Nilipompigia alisema kompyuta ya gari inahitaji muda kujifunza, na hilo nalo si jambo la ajabu kusikika kwa mafundi. Ukweli ulijitokeza nikiwa nimeketi garini nikisikiliza taarifa ya habari, swichi imefunguliwa na injini imezimwa. Nilikanyaga mafuta bila kukusudia, na mshale wa busti ukapanda hadi 0.9. Injini ilikuwa imezimwa kabisa, hakuna moshi, hakuna kinachozunguka, na geji inanionyesha busti ya kushindania.

Nikampelekea fundi wa umeme wa Maweni, mnamjua. Alivuta redio nje, na nyuma yake tukaukuta ule mpira mwembamba umeishia hapo, umezibwa kwa skurubu. Geji haikuwa ikipima hewa kamwe. Waya wake ulikuwa umeunganishwa na sensa ya mafuta, ile inayoiambia kompyuta umekanyaga kiasi gani, kwa hiyo kadiri mguu ulivyoshuka ndivyo mshale ulivyopanda. Kisha tukakikata kisanduku kwa msumeno wa chuma. Ndani ya gundi iliyomiminwa mlikuwa na rezista moja na flasha ya indiketa. Ninarudia: flasha ya indiketa, ile ile inayowasha taa za kupinda kona, imefungwa katikati ya waya wa umeme wa koili, ile inayozipa plagi umeme wa cheche. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 4,000 hupiga cheche 8,000 kwa dakika, na flasha huwaka na kuzima kati ya mara 60 na 120. Haiwezi kutawala chochote. Inaikatia injini umeme ovyo, petroli isiyoungua inamiminika kwenye ekzosi ya moto, inalipuka huko, na mwenye gari anadhani anasikia turbo. Katalitiki yangu, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, imevunjika ndani, sasa inachakacha kama kokoto ndani ya kopo, na hali ya turbo yenyewe bado sijapata ujasiri wa kuifungua niitazame.

Mtu wa namna hii hastahili kuonewa haya. Kifungu cha 313 cha Kanuni za Adhabu za Kenya kinampa anayejipatia mali kwa udanganyifu kifungo cha hadi miaka 3, na kwa maoni yangu miaka hiyo ni michache kwa mtu anayekata umeme wa injini ya mwenzake ambaye huenda kesho akahitaji kulipita lori kwenye barabara ya Mombasa akiwa na watoto nyuma. Afungwe, alipe, na vifaa vyake viharibiwe hadharani. Shemeji aliyemleta naye ajitokeze aseme alipewa kiasi gani. Wapo wanaosema amepanda basi la Lamu. Akifika kisiwani itabidi awafunge punda busti.

Wanaoniuliza ningemjuaje, nitawajibu kwa ufupi kwa sababu hasira haijaniacha nipange vizuri. Jina lililotokea kwenye ujumbe wa malipo halikuwa lake, akasema ni laini ya mkewe. Waya zilizokwenda kwenye injini zilikuwa tatu tu, na hakuna hata mmoja uliofika kwenye swichi ya klachi wala uliosoma mizunguko, ilhali lonchi ya kweli haiwezi kufanya kazi bila kujua mambo hayo mawili, na kwa kawaida huandikwa ndani ya kompyuta ya gari. Hakukubali kisanduku kifunguliwe. Na geji: fungua swichi bila kuwasha injini, mshale unapaswa kukaa kwenye sifuri na kubaki hapo hata ukikanyaga mafuta, wangu ulikuwa umelala kwenye ombwe injini ikiwa imezimwa, jambo lisilowezekana.

Ripoti nimekwisha kuiandikisha polisi hapa Malindi na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, ninayo. Nimeambiwa kwamba mlalamikaji mmoja hana uzito kama wanne au watano, na ninajua nyinyi mlionunua mpo, kwa maana milipuko yenu ninaisikia usiku kutoka barabara ya Casuarina. Chomoeni kisanduku, rudisheni waya wa koili ulivyokuwa, msikitupe, hifadhini ujumbe wa malipo, kisha nitafuteni twende kituoni pamoja.