Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya Yesu wa historia: mwalimu yuko vizuri, kwizi ndo imenitibua

Haya wakuu, nimemaliza ile kozi ya video ya masomo 8 kuhusu ushahidi wa kihistoria wa Yesu. Jina la walioitengeneza naliacha, sijaja kugombana na mtu, ila kuna watu wananiuliza kila siku kama inafaa hela yake so naandika mara moja yaishe. Nyota 3 kati ya 5. Zingekuwa 4 kama si ile kwizi, nitafika huko.

Tangazo lao linasema "ushahidi usiopingika", na mi nikaingia na mashaka yangu maana mtu anayejua historia haongei hivyo. Kumbe ni maneno ya watu wa matangazo tu, mwalimu mwenyewe wala hana habari hizo. Anaanza kwa kusema hapa hatupimi miujiza wala kufufuka, historia haina mzani wa hiyo, tunauliza kimoja tu: kulikuwepo mtu anaitwa Yesu, Myahudi wa Galilaya, akasulubiwa Yerusalemu wakati wa Pilato? Na anakwambia wanahistoria karibu wote, wanaosali na wasiosali, wanakubali alikuwepo, vita iko kwenye mengine.

Somo la Josephus ndo lililonibakiza kwenye kozi. Josephus ni Myahudi aliyeandika historia ya watu wake akiwa Roma, mwaka 93 au 94 hivi, na kwenye kitabu cha 18 kuna kipande kinasema kabisa huyu Yesu ndiye Kristo. Wahubiri wengi wakifika hapo wanapiga makofi. Mwalimu akauliza, sasa Myahudi ambaye hakuwahi kuwa Mkristo kasemaje hivyo? Tena Origen, Mkristo wa karne ya 3, ameandika wazi kwamba Josephus hakumkubali Yesu kuwa Kristo. Yani kuna mnakili huko katikati katia chumvi, na wataalamu wengi wanaona ukiiondoa hiyo chumvi mboga inabaki, Josephus alikuwa kamtaja Yesu kwa maneno yake ya kawaida. Halafu kuna kitabu cha 20, hapo hana hata mpango na Yesu, anasimulia kuhani mkuu aliyemuua Yakobo mwaka 62, na ili ujue ni Yakobo yupi anasema ni ndugu yake Yesu aitwaye Kristo. Kapita tu njiani. Mi ushahidi wa hivi ndo naupenda, wa mtu asiyejaribu kukushawishi.

(Maandishi ya Kiswahili chini ya video yanamwita Josephus "Yusufu", dakika kumi nzima nadhani tunaongelea yule mume wa Mariamu, nikawa nashangaa alifika lini Roma. Jamani.)

Sasa hapa ndo sikuwaelewa. Huyo huyo Yakobo yupo kwenye Wagalatia sura ya 1, Paulo anasema alikwenda Yerusalemu akakaa kwa Kefa (yaani Petro) siku kumi na tano na akamwona Yakobo ndugu yake Bwana. Hiyo barua ni ya miaka ya 50 huko, kabla hata ya injili zenyewe kuandikwa, na anayeiandika amekutana na ndugu wa mtu uso kwa uso. Mtu ambaye hajawahi kuwepo anapataje ndugu? Wakatoliki watasema ni binamu, sawa, hata binamu ananitosha. Kwangu hiki ndo kitu kizito kuliko vyote na wamekipa dakika nne tu!!

Afu somo la 5 zima, zaidi ya dakika arobaini, ni sanda ya Turin (kitambaa kinachodaiwa kumfunika Yesu kaburini) na lile sanduku la mifupa lililoandikwa kwamba ni la "Yakobo" ndugu ya Yesu. Sanda ilipimwa kwa kaboni mwaka 1988 ikatoka kati ya 1260 na 1390, mchezo ungeishia hapo. Sanduku lilitangazwa 2002, ikaja kesi ndefu mpaka 2012 mwenye nalo akaachiwa kwenye mashtaka ya kughushi, ila jaji akasema hiyo haimaanishi maandishi ni ya kweli. Picha kali, muziki wa kutisha, mwisho wa siku unatoka na nini? Hamna.

Tacitus kafundishwa vizuri. Mrumi huyu aliandika mwaka 116 hivi, Wakristo hawapendi hata kidogo, anaiita imani yao ushirikina, ila anasema Kristo wao aliuawa na Pilato enzi za Tiberio. Kilichonifanya nirudishe video mara tatu ni picha ya muswada wenyewe, wa karne ya 11, wameumulika kwa mwanga wa urujuanimno kwenye neno la Wakristo na unaona kabisa herufi ilikuwa "e", mtu akaikwangua akaifanya "i". Chrestiani imekuwa Christiani. Kidole cha mtu kabisa kile, miaka mia kadhaa iliyopita.

Sasa kwizi. Tacitus anamwita Pilato prokureta, cheo cha gavana wa Kirumi. Lakini mwaka 1961 pale Kaisaria walichimbua jiwe lenye jina la Pilato, lilikuwa limegeuzwa ngazi ya ukumbi wa maonyesho, upande wa kushoto umemeguka, na cheo chake humo ni prefekti, cheo cha gavana kilichotumika kabla ya prokureta. Biblia zetu zinasema liwali zinajimalizia kesi. Mwalimu kaeleza vizuri kabisa somo la 3 kwamba Tacitus katumia cheo cha zama zake. Swali la 7 linauliza cheo cha Pilato, najibu prefekti, nakula kosa. Jibu "sahihi" ni prokureta!! Yani aliyetunga maswali hajaangalia video za kozi yake mwenyewe. Na cheti wanataka 90, mi nikapata 88.

Nikawaandikia, nikawawekea mpaka picha ya jiwe kutoka kwenye video yao wenyewe. Wakajibu nijaribu kufungua kwa brauza nyingine. Nimefungua kwa tatu, zote bado zinadai prokureta.