NSFAS ya Sauzi: ada wanalipa kweli, shughuli iko kwenye msosi na kitanda (nyota 3 kati ya 5)

Kila msimu wa maombi ukifika wabongo wenzangu wa Jozi (Johannesburg) na Durban, hasa wale waliooa au kuolewa huku na watoto wao ni raia, wananiuliza hii NSFAS ni ya kweli au ni matapeli wa kwenye simu. Ni ya kweli jamani. NSFAS (National Student Financial Aid Scheme) ni mfuko wa serikali ya Sauzi ulioanzishwa kwa sheria ya 1999, unasomesha watoto wa familia za chini kwenye vyuo vikuu vya serikali na vyuo vya ufundi, na kwa walioanza chuo kuanzia 2018 sio mkopo tena, haurudishi hata senti. Sisi tuliozoea bodi ya mikopo ya nyumbani, ile ukipata kazi unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe, lazima uulize mara mbili.

Mi nimemsaidia mpwa wa mume wangu kuomba, na upande huo nawasifu bila kinyongo. Kuomba ni bure, unafungua akaunti kwa simu, unaingiza namba ya kitambulisho cha mtoto na ya anayemlea, unapandisha nyaraka basi. Anayemlea ni bibi yake, na mtoto alikuwa kwenye ruzuku ya SASSA, lile shirika la serikali linalolipa posho za watu wa kipato cha chini, sasa ukiwa SASSA hawakuchunguzi tena kipato, wanajua tayari nyumbani hakuna kitu. Bibi alikaa pembeni ameshika kile kitabu chake cha kijani cha kitambulisho, tukawa tunasoma namba moja moja maana zimefifia, na muda wote anauliza kwa Kizulu hela ya fomu aitoe saa ngapi. Tulimwambia hakuna hela ya fomu, hakuamini mpaka tulipofunga simu.

Ana haki ya kutoamini. Amekulia kwenye utawala wa makaburu, na kulikuwa na sheria ya 1959 iliyowafungia weusi milango ya vyuo vikuu kama Wits ya Johannesburg na Cape Town, kuingia huko mpaka kibali cha waziri. Mzulu akajengewa chake kule Ngoye, Wasotho na Wavenda na Watsonga wakapelekwa Turfloop, machotara Western Cape, Wahindi wakawekewa cha kwao Durban, yaani serikali ilikaa chini ikapanga nani asome wapi kwa rangi na kabila lake. Ndo maana mpaka leo vijana wa kizungu karibu nusu yao wanafika chuo, na weusi ni kama mmoja kati ya watano hivi.

Kinachonifurahisha NSFAS hawakugawi kwa rangi, wanaangalia mfuko, kipato cha nyumba nzima kisizidi randi 350,000 kwa mwaka. Ila kwa vile umaskini wa huku ulipangwa kwa rangi, sehemu kubwa ya pesa hiyo inaenda kwa watoto weusi, na hakuna mtu wa kuja kumwambia mtoto umependelewa. Na isisemwe serikali ilijitolea tu kwa huruma, Oktoba 2015 wanafunzi wa Wits waligoma ada ilipotaka kupanda asilimia 10.5, moto ukasambaa nchi nzima, wakaandamana hadi Pretoria, Zuma, rais wa wakati huo, akafuta nyongeza, na Desemba 2017 ndo akatangaza hii elimu ya bure kwa maskini. Watoto walipigwa mabomu ya machozi na risasi za mpira kwa ajili ya hii pesa, tusisahau.

Sasa nyota mbili nimezikata wapi. Bumu, yaani hela ya kujikimu, na hosteli. Mwaka 2023 waliamua kuwalipa wanafunzi moja kwa moja kupitia makampuni manne, vijana wakalalamika hela haziingii na makato hayaeleweki, mkurugenzi mkuu akaondolewa mwaka huohuo kwa mambo ya hizo tenda, na Aprili 2024 Nzimande, waziri wa elimu ya juu wa wakati huo, akaivunja bodi nzima. Mwaka huohuo wenye hosteli za binafsi nao walipiga kelele hawajalipwa miezi kadhaa, wengine wakatishia kuwatoa wanafunzi nje. Hapo ndo panaponiuma. Mtoto wa nyumba yenye hela bumu likichelewa anampigia mama yake anatumiwa, huyu wa bibi atampigia nani? Ada imelipwa, jina liko kwenye orodha ya darasa, halafu mtihani anaufanya na njaa.

Na kile kiwango cha 350,000 hakijaguswa tangu kitangazwe 2017, wakati mkate, nauli na umeme vyote vimepanda. Mwalimu mweusi na mume wake dereva wakiunganisha mishahara wanavuka, wanahesabika matajiri, wakati hawana akiba wala nyumba ya urithi. Kuanzia 2024 kuna mkopo kwa wenye kipato cha hadi 600,000, afadhali, lakini huo ni deni na nafasi zake chache. Kama wewe uko kwenye kundi hilo omba mapema, na hela ya miezi ya kwanza ya chumba itafute pembeni kabla mtoto hajafunga begi.